Faili Limegoma Kufunguka: Ni Bovu au Ni Mtego?

Dada wa uhasibu alipokea barua pepe asubuhi, ndani yake proforma ya mgavi anayemfahamu, faili la .doc. Akalibofya. Word ikafunguka, ikapepesa, ikajifunga, halafu ikarudi na ukurasa mweupe pe. Akafanya kile kinachofanywa na kila ofisi niliyowahi kuihudumia: akalirusha kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi na kuandika, "Jamani hili faili limekataa kwangu, nani anijaribie kwake?" Mtunza stoo akajaribu. Katibu muhtasi akajaribu. Mimi niliitwa saa nane mchana, tena niliitwa kwa ajili ya printa.

Hiyo "nani anijaribie kwake" ndiyo iliyonifanya niandike. Faili la hila mara nyingi halina vituko. Haliandiki maneno mekundu kwenye kioo wala halipigi king'ora. Linakataa kufunguka, basi, kwa sababu aliyelitengeneza hakuhangaika kuweka proforma ya kweli ndani yake. Alichotaka ni ubofye tu, na ukishabofya shughuli imekwisha. Sisi nasi tukiona kitu kimekataa tunakipitisha kwa jirani. Balaa ambalo lingeishia kwenye mashine moja linazungushwa ofisi nzima kwa mikono yetu wenyewe.

Nimepanga mambo kwa dalili, kama yanavyoletwa kwangu. Nimekaa zaidi kwenye Windows na Microsoft Office kwa kuwa ndizo zilizojaa maofisini, ila watu wa WPS na LibreOffice wasiende mbali.

Kabla hujagusa kitu

Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi ya mashine iliyolifungua faili. Kompyuta yenyewe usiizime kwa pupa, maana kilichomo kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kitapotea na mara nyingi ushahidi uko humo. Ile barua pepe usiifute, utaihitaji. Waliotumiwa waambie wasilifungue, na waliokwisha kulifungua wachomoe mtandao pia. Benki ya mtandaoni, barua pepe na mfumo wa mishahara visiguswe kutoka kwenye mashine hiyo mpaka uwe na jibu.

Kisha jiulize: faili liliomba ruhusa, au halikuomba? Kama liliomba na mtu akakubali, kuna uwezekano mkubwa unashughulika na makro, yaani amri ndogo zilizowekwa ndani ya hati. Kama halikuomba na bado kuna kitu kimetendeka, kuna tundu ndani ya programu yenyewe. Na kuna aina ya tatu, ambayo si hati kabisa, ni programu iliyovaa kanzu ya hati. Dawa zake hazifanani. Nimeona mafundi wakipoteza siku nzima kuzima makro kwenye mashine ambayo haikuwahi kuombwa makro.

Dalili: Word inapepesa na kujifunga, au hati inafunguka nyeupe

Ondoa kwanza sababu za kawaida. Word huulizana na printa iliyowekwa kuwa ya msingi, na kama hiyo ni printa ya mtandao iliyozimwa, Word inaweza kuganda kabisa. (Pale ofisini printa kweli ilikuwa imekufa. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.) Halafu kuna viongezi (add-ins) vibovu: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winword /safe, kisha fungua hati yako nyingine ya zamani, si ile unayoishuku. Ikifunguka vizuri hata Word ikiwashwa kwa njia ya kawaida, Word haina tatizo. Tatizo liko kwenye faili.

Sasa litazame faili bila kulifungua kwa Word. Lifungue kwa Notepad, ambayo haitekelezi chochote, inaonyesha herufi tu. Usijali uchafu utakaouona, soma herufi za mwanzo kabisa. Docx halisi huanza na PK, kwa sababu docx ni zipu yenye mafaili ndani yake. Doc ya zamani huanza na alama zisizosomeka, ÐÏ na wenzake. Likiwa tupu au limejaa maneno ya ukurasa wa wavuti, huenda lilipakuliwa vibaya. Omba litumwe upya. Lakini likianza na {\rtf huku jina lake linaishia .doc, simama hapo.

RTF si dhambi. Ni aina halali ya hati, na Word hulifungua hata likibandikwa jina la .doc, bila kunung'unika. Ila RTF haibebi makro, kwa hiyo mpokeaji haoni onyo lolote la makro, na wakati huohuo inaweza kubeba vitu vilivyopachikwa vya programu nyingine. Mgavi anayeandika bei za karatasi na wino hana sababu ya kufika huko.

Faili la yule dada lilianza na {\rtf.

Yeyote anayehangaika na Office za zamani, hapo humjia jina moja kichwani: EQNEDT32.EXE. Hicho ni kihariri cha milinganyo ya hesabu, kiprogramu kidogo cha kampuni ya Design Science kilichowekwa ndani ya Office ili watu waandike sehemu, vipeo na vipeuo. Nakala iliyokuwa ikisambazwa ilijengwa mwaka 2000 na ikakaa humo miaka 17 bila mtu kuihangaikia. Novemba 2017 Microsoft ikatoa kiraka cha tundu lake, CVE-2017-11882 (CVE ni namba ya usajili ya tundu linalojulikana), lililoripotiwa na watafiti wa kampuni ya Embedi. Kosa lenyewe ni la kizamani. Kihariri kilinakili jina la fonti kutoka kwenye hati bila kupima urefu wake. Jina likiwa refu kuliko nafasi iliyotengwa linafurika na kufunika anwani ambayo programu ilipaswa kurudi ikimaliza kazi hiyo ndogo. Badala ya kurudi ilikotoka, programu inakwenda ilikoelekezwa na mwandishi wa hati.

Windows ina kinga dhidi ya ujanja wa namna hii: huchanganya anwani za kumbukumbu ili zisitabirike, na hukataza data kutekelezwa kama programu. Kihariri hiki kilijengwa bila kinga hizo mbili. Tena huendeshwa kama mchakato wake peke yake, nje ya Word, kwa hiyo kinga za Word hazikifikii. Kilichobaki kati yako na hatari ni ule upau wa manjano wa Protected View, yaani hali ya kusoma tu, na ukibofya "Enable Editing" nao umeondoka.

Kuna kisa kinachonifurahisha katika habari hii. Watafiti waliokichungulia kiraka cha Novemba 2017 waliona dalili kwamba kilichomekwa kwa mkono moja kwa moja ndani ya faili la EXE, kana kwamba aliyekifanya hakuwa na msimbo wa chanzo. Fundi cherehani mwenye shati la mteja lakini hana kitambaa chake wala patani. Miezi miwili baadaye, lilipojitokeza tundu jingine kwenye kihariri kilekile, CVE-2018-0802, Microsoft iliachana na viraka: sasisho la Januari 2018 liliking'oa kihariri chote.

Hilo ndilo linalotupa kipimo rahisi kuliko vyote. Tafuta EQNEDT32.EXE kwenye diski C nzima. Ukilikuta, ama Office hiyo haijapata sasisho tangu kabla ya Januari 2018, ama kuna mtu amelirudisha. Hili la pili lipo. Walimu wa hisabati wenye mitihani ya miaka ya nyuma hugundua kwamba milinganyo yao ya zamani haihaririki tena, wanaingia mtandaoni, wanapata maelekezo ya kukirudisha kihariri, wanakirudisha. Mwalimu, tafadhali: programu ya MathType huweza kuhariri milinganyo hiyo, na vinginevyo ni nafuu kuiandika upya.

Ukitaka ushahidi kwamba kihariri kiliitwa siku hiyo, fungua Event Viewer, ingia Windows Logs kisha Application, utafute makosa ya namba 1000 kwa saa ambayo faili lilifunguliwa. Jina EQNEDT32.EXE likiwepo pale, kwenye ofisi ambayo hakuna anayeandika hesabu za vipeuo, umepata unachotafuta. Lisipokuwepo usishangilie: namba 1000 huandikwa programu inapoanguka, na shambulio lililofanikiwa vizuri huenda halikuangusha kitu.

Mashine ya dada ilikuwa na Office 2010, kihariri kipo. Ya mtunza stoo Office 2007, kipo. Laptopu ya katibu muhtasi ilikuwa na Office 2021, hakipo. Faili lilelile, ukurasa mweupe uleule kwenye vioo vitatu, lakini mashine mbili ndizo zilizokuwa na mgeni. Kwa kutazama kioo tu usingeweza kuzitofautisha.

Dalili: Word inasema inawasiliana na anwani fulani kabla hati haijafunguka

Wakati wa kufungua, chini ya dirisha au kwenye lile bango la kuanzia, unaona maneno kwamba Word inawasiliana na seva au inapakua kitu. Hati ya bei za karatasi inapakua nini?

Huenda hamna kitu. Kampuni kubwa huweka violezo vyao vya barua kwenye seva ya ofisi, na hati iliyozaliwa humo hukitafuta kiolezo chake popote iendako. Lakini njia hiyohiyo ndiyo inayotumiwa kuingiza sumu: hati yenyewe ni safi kabisa, antivirusi inaipekua haikuti kitu, kisha hati ikishafunguka inakwenda kuchukua kibaya chake nje.

Hili unaweza kulikagua mwenyewe na halihitaji programu yoyote. Tengeneza nakala ya docx kwenye mashine isiyo na mtandao, badilisha mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, ifungue. Ingia folda ya word, kisha _rels. Humo kuna mafaili madogo ya maandishi, document.xml.rels na wakati mwingine settings.xml.rels. Yafungue kwa Notepad na utafute neno External. Utakuta mistari ya namna hii:

Type="…/hyperlink" Target="https://…" TargetMode="External"

Type="…/attachedTemplate" Target="file:///C:\Users\…\Barua.dotx" TargetMode="External"

Type="…/oleObject" Target="https://…/ukurasa.html!" TargetMode="External"

Wa kwanza ni kiungo cha kawaida kilichoandikwa kwenye hati. Hautendi kitu mpaka mtu akibofye. Wengi hushtuka wakiona External kwenye kiungo, wakaharibu hati nzuri bure. Wa pili unaonyesha kiolezo kilichokuwa kwenye kompyuta ya mwandishi. Kwako hakipo, hakina madhara. Wa tatu ndio wa kukuamsha: kitu kilichopachikwa ambacho Word inakwenda kukichota kwenye tovuti ya mtu, yenyewe, hati inapofunguka. Na attachedTemplate inayoanza na http badala ya file:///C: iko kundi hilohilo. Ukiona ile alama ya mshangao mwishoni mwa anwani, usiendelee kubahatisha.

Alama hiyo ilipata umaarufu Mei 2022. Tarehe 27 mwezi huo watafiti wa kikundi cha nao_sec walionyesha hati ya Word ambayo ilichota ukurasa wa HTML kutoka nje, na ukurasa ule ukaita chombo cha Windows cha kuchunguza matatizo, MSDT, ukakipa amri za PowerShell, programu ya amri ya Windows, kizitekeleze. Makro zilizozimwa hazikusaidia kitu kwa sababu makro hazikuhusika. Tundu likasajiliwa CVE-2022-30190, watu wakaliita Follina: ndani ya sampuli mlikuwa na namba 0438, ambayo ni namba ya eneo ya simu za mji wa Follina huko Italia. Kiraka kilitoka tarehe 14 Juni 2022. Katikati ya tarehe hizo ushauri wa Microsoft ulikuwa kufuta ufunguo wa ms-msdt kwenye rejista ya Windows, ile hifadhi ya mipangilio yake, na mpaka leo nakuta mashine ambazo ufunguo umefutwa lakini kiraka hakijawekwa. Ni afadhali kuliko kukosa vyote, ila weka kiraka. Na usikae ukidhani Follina lilikuwa la pekee. Septemba 2021 njia iliyofanana nalo, CVE-2021-40444, ilipitia MSHTML, ile injini ya Internet Explorer ambayo kila mtu alidhani imeshazikwa.

Dalili: "Sikufungua, nililigusa tu"

Usimkatalie mtu anayesema hivi. Follina katika umbo la RTF liliweza kuamshwa na kidirisha cha hakiki cha Windows Explorer: unabofya faili mara moja, unaliona upande wa kulia, imetosha. Tundu la fonti za RTF ndani ya Word lililozibwa Februari 2023, CVE-2023-21716, nalo lilipitia hakiki. Mwezi uliofuata ukaja mwaliko wa kalenda ya Outlook, CVE-2023-23397, ulioripotiwa na timu ya dharura ya kompyuta ya Ukraine. Huo haukuhitaji hata hakiki. Mwaliko ulitaja sauti ya kengele iliyo kwenye seva ya nje. Outlook ikaenda kuitafuta, na katika kujitambulisha ikakabidhi alama fiche ya nywila ya mtumiaji.

Kwa ofisi ndogo, zima kidirisha cha hakiki kwenye Explorer na Outlook. Watu watalalamika wiki moja.

Dalili: upau, onyo, au picha inayokuomba ubofye

Hapa si tundu la programu, ni ombi. Hati inafunguka, unaona picha iliyofifishwa na maelezo kwamba "hati imetengenezwa kwa toleo jipya, bofya Enable Content ili uisome." Hati halali haikufundishi jinsi ya kuzima kinga zako. Hakuna toleo la Word linalohitaji makro ili kuonyesha maandishi.

Watu huchanganya vitufe viwili. "Enable Editing" kinakutoa kwenye Protected View, ile hali ya kusoma tu iliyoanza na Office 2010. "Enable Content" kinaruhusu makro ziendeshwe. Tangu mwaka 2022 kuna upau wa tatu, mwekundu, unaosema makro zimezuiwa kwa sababu chanzo cha faili hakiaminiki, na huo hauna kitufe cha kuruhusu. Microsoft ilitangaza zuio hilo Februari, ikalisitisha Julai baada ya malalamiko, ikalirudisha mwezi huohuo.

Zuio hilo, pamoja na Protected View, hutegemea kitu kidogo sana. Faili linapopakuliwa kutoka mtandaoni, Windows hulibandika alama isiyoonekana inayoitwa Zone.Identifier. Ukitaka kuiona, fungua PowerShell kwenye folda ya faili na uandike:

Get-Content .\proforma.doc -Stream Zone.Identifier

Ukipata ZoneId=3, faili lilitoka mtandaoni na Office inalijua hivyo. Ukipata kosa kwamba hakuna kitu, alama haipo. Hapo ndipo flashi zetu zinapotuumiza: alama hiyo huishi kwenye diski za NTFS tu, na flashi nyingi ni FAT32 au exFAT. Mtu anapakua faili kwenye intaneti kafe, anaweka kwenye flashi, anakuja nalo ofisini: linafunguka bila Protected View, bila upau mwekundu, kama vile lilizaliwa humo ndani. 7-Zip, programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, nayo ilikuja kupata uwezo wa kupitisha alama kwa mafaili inayoyatoa mwaka 2022, tena ni chaguo unalopaswa kuliwasha mwenyewe. Kwa hiyo ukisikia "halikuonyesha onyo lolote," uliza lilipitia wapi.

Na kama kila mtu anaapa kwamba hakubofya "Enable Content", rejista inakumbuka. Fungua regedit, nenda HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Word\Security\Trusted Documents\TrustRecords, ukiwa umeingia kwa akaunti ya mtumiaji huyo. Namba 16.0 ni ya Office 2016 na kuendelea. 2010 ni 14.0. Utaona orodha ya hati alizoziamini. Thamani inayoishia na FF FF FF 7F maana yake makro ziliruhusiwa kwenye hati hiyo. Naomba usiitumie kumwaibisha mtu mbele ya bosi. Mwaibishe mmoja leo, na wengine watano hawatakuambia kesho.

Dalili: ikoni ni ya PDF lakini kinachofunguka si PDF

Washa uonyeshaji wa viendelezi vya mafaili kwenye Explorer, utaona ni ankara.pdf.exe au ankara.pdf.js. Njia ya mkato ya Windows ni janja zaidi, kwa sababu kiendelezi chake .lnk hakionekani hata ukiwasha. Itambue kwa kishale kidogo kwenye kona ya ikoni. Makro zilipobanwa mwaka 2022, wahalifu walihamia huko, na kwenye picha za diski za ISO, na mwanzoni mwa 2023 kwenye madaftari ya OneNote.

WinRAR, programu nyingine ya mafaili yaliyobanwa, inataka mstari wake. Kabla ya toleo 6.23 la Agosti 2023 ilikuwa na tundu CVE-2023-38831: ndani ya faili lililobanwa kuna PDF na folda yenye jina lilelile, unabofya PDF, inaendeshwa skripti iliyomo kwenye folda. WinRAR haijisasishi yenyewe. Ile iliyowekwa mwaka 2019 bado ni ya 2019.

"Sisi hatutumii Microsoft"

WPS imejaa kwetu kwa sababu ni ya bure na nyepesi. Agosti 2024 kampuni ya ESET ilieleza tundu CVE-2024-7262 la WPS ya Windows, lililokuwa limekwisha kutumiwa na kundi la kijasusi liitwalo APT-C-60. Jedwali lilionyesha safu na nguzo za kawaida, lakini kilichoonekana kuwa seli kilikuwa picha yenye kiungo juu yake. Ukibofya popote, WPS inapakia maktaba ya nje na kuitekeleza. Kiraka cha kwanza hakikuziba vizuri, likasajiliwa la pili, CVE-2024-7263. WPS yako ikiwa ni ya kabla ya katikati ya 2024, iondoe uweke mpya kutoka kwenye tovuti yao, si ile ya kwenye flashi ya fundi.

LibreOffice ilipata lake mwaka 2018: CVE-2018-16858, ambapo kupitisha kipanya juu ya kiungo kulitosha kuendesha skripti ya Python. Ilizibwa kwenye 6.0.7 na 6.1.3. Huwa wanaziba haraka, ila Windows haikuwekei matoleo mapya yenyewe, ni kazi yako. Apache OpenOffice mimi nimeacha kuiweka kwa wateja. Masasisho yake huja kwa nadra mno.

Umethibitisha. Sasa nini?

Kama bado mashine inawaka na hujui, pakua Process Explorer ya Sysinternals, programu ya kutazama yote yanayoendeshwa kwenye kompyuta, kwenye mashine nyingine, ilete kwa flashi utakayoifuta baadaye. Tazama mti wa michakato. Chini ya WINWORD.EXE au EXCEL.EXE hapapaswi kuzaliwa powershell, cmd, mshta, wscript wala msdt. Mzazi mara nyingine ameshafungwa na mtoto amebaki yatima, kwa hiyo angalia pia saa ambazo michakato hiyo ilianza.

Ukitaka maoni ya antivirusi nyingi, usilipakie faili zima kwenye tovuti ya VirusTotal kama linaweza kuwa na siri za ofisi, kwa sababu wateja wao wanaweza kulipakua. Andika Get-FileHash na jina la faili kwenye PowerShell, uchukue ile namba ndefu, uitafute hiyo. Likijulikana utajua. Lisipojulikana haina maana kwamba ni salama. Huenda limetengenezwa kwa ajili yenu.

Mashine iliyoguswa isafishwe kwa kuweka Windows upya. Kufuta faili na kuendesha antivirusi mara moja hakutoshi, na sibishani tena kuhusu hilo. Nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zibadilishwe kutoka mashine nyingine, barua pepe kwanza. Ingia mipangilio ya barua pepe utazame kanuni za kupeleka ujumbe mbele: mara kadhaa nimekuta kanuni inayotuma kila barua yenye neno "ankara" kwa anwani asiyoijua mtu. Tanzania unaweza kuripoti TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, Kenya ni KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Wakenya wakumbuke pia kwamba sheria yao ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inatoa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data pale taarifa za watu zilipofikiwa na wasiostahili na kuna hatari ya kweli kwao.

Kuhusu kinga, nitasema mawili. Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ina kanuni inayozuia programu za Office kuzaa michakato mingine. Kwenye ofisi isiyotumia makro nzito, iwashe. Na Office za kukreki: kile kiprogramu cha kuiamilisha hukuagiza uzime antivirusi na masasisho kwanza, nawe unazima. Hivyo ndivyo Office 2010 inavyofika leo ikiwa na kihariri cha mwaka 2000 tumboni. Office 2016 na 2019, pamoja na Windows 10, zilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hata aliyenunua halali asijisahau.

Pale ofisini tulisafisha mashine mbili, tukamaliza saa mbili usiku. Kabla ya kuondoka nilimwomba dada ampigie mgavi, kwa namba iliyo kwenye stakabadhi za zamani, si ile iliyo kwenye barua pepe. Akaweka spika. Mgavi akasema hajatuma proforma yoyote wiki hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: kwani mafaili ya kwake yaliyogoma kufunguka mwezi uliopita yangeweza kuwa na uhusiano wowote na hili?